Muthoni kwa Herufi Ndogo

Kithaka wa Runji alikuwa fundi cherehani wa kutegemewa, lakini yeye na kalamu hawakuwahi kuelewana. Shule ya misheni aliiacha darasa la tatu, akijua kuandika kila kitu isipokuwa herufi kubwa, ambazo alisema zinamaliza karatasi bure. Jina lake, jina la mkewe, hata jina la Mungu, yote aliyaandika kwa herufi ndogo, na kwa miaka mingi hakuna aliyepata hasara kwa sababu hiyo. Ikaja Pasaka ya mwaka wa hamsini na sita. Aliyepata hasara ni Muthoni mkewe, na kisa hiki ni chake.

Muthoni alikuwa na miaka ishirini na mitano na mtoto mmoja, Teresia. Alikuwa mwanamke wa sauti nene na kicheko cha kusikika bonde la pili, na kwa mtu wa namna hiyo imajensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, ilikuwa adhabu juu ya adhabu. Serikali ilikuwa imewatoa kwenye mashamba yao upande wa juu wa Runyenjes na kuwapanga kijijini, nyumba kwa mistari, ukuta karibu ugusane na ukuta, na handaki la vijiti vilivyochongwa limezunguka pote. Saa kumi na mbili jioni lango lilifungwa. Asubuhi filimbi ililia, na wanawake wakatoka na majembe kwenda kuchimba matuta ya lazima. Ukikohoa ndani ya nyumba yako, jirani alikwambia pole. Muthoni alikuwa na miaka miwili hajazungumza na mumewe kwa sauti yake ya kawaida, na alikuwa ameanza kuisahau.

Wala hawakuwa wamepata nafasi ya kuzoeana kabla ya hapo. Walifunga ndoa Agosti ya hamsini na mbili, na baada ya wiki mbili Kithaka akarudi Nairobi, kwenye cherehani yake iliyokaa barazani mwa duka la Mhindi huko River Road. Aliahidi kumleta mkewe mjini mambo yakikaa sawa. Oktoba imajensi ikatangazwa, na mambo yakakataa kukaa sawa. Kila alipopata likizo ya siku mbili tatu alikuja nyumbani na Nairobi yake mdomoni: taa zinazowaka zenyewe barabara nzima, hoteli ambamo mtu anakaa kitini analetewa chai na mwenzake, muziki wa Jumapili kwenye ukumbi wa Pumwani. Kisha akapanda basi, na Muthoni akabaki na hizo taa kichwani.

Aprili ya hamsini na nne askari waliuzingira mji. Kithaka alikuwa anaishi chumba kimoja na Njue, kaka yake Muthoni, na wote wawili walipangwa foleni wakiwa na mashati ya kulalia. Kithaka alisukumwa kwenye lori la kurudishwa nyumbani Embu. Njue alisukumwa kwenye lori jingine, la kambi ya kizuizini. Hakuna aliyewaambia tofauti yao ilikuwa nini, na Kithaka aliliuliza swali hilo maisha yake yote, hasa akiwa anakula.

Basi fundi akaanza upya, na cherehani ya kuazima, kwenye baraza la duka moja sokoni Runyenjes. Alishona kaptura za homugadi, walinzi wa kijiji wa serikali, na kurekebisha suruali za Bwana D.O., Mzungu aliyetawala tarafa, na kwa sababu mkono wake ulikuwa safi, ofisi ya tarafa ilimwangalia kwa jicho la huruma. Mapema mwaka ule wa hamsini na sita akasikia kwamba fundi kama yeye, mtu asiye na doa kwenye faili, anaweza kupewa pasi ya siku nne za Pasaka, Ijumaa mpaka Jumatatu. Aliirudisha habari hiyo nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Tangu siku hiyo Muthoni aliishi kwa ajili ya Jumapili. Baada ya ibada walikwenda wawili barazani, eti kulinda vitambaa, na hapo hapakuwa na ukuta wa jirani. Kithaka alitandaza jora la kaki la homugadi juu ya meza akachora Nairobi kwa chaki ya fundi. Hapa ndipo basi linaposimama. Hapa Kariokor, ambako Mutembei, Mmeru rafiki yake, mpishi aliyeruhusiwa kubaki mjini, angewaachia chumba chake. Hapa hoteli ya chai. Hapa barabara yenye taa, ambayo wangeitembea Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili, saa ile ile ya lango kufungwa, mpaka miguu ikatae. Muthoni alitaka kujua kila kitu: vikombe vya hoteli vina masikio au havina, nani anaviosha, na kama mtu anaweza kucheka barabarani bila kuulizwa anacheka nini. Walipomaliza, Kithaka alilipangusa jora kwa mkono, na kesho yake akalikata makaptura.

Kulikuwa na alama moja ndogo kwenye ramani ile ambayo Muthoni hakupenda kuitazama. Januari jirani aliyeachiliwa kambini alileta habari kwamba Njue anaugua kifua na amehamishiwa hospitali moja Nairobi. Igoki, mama yao, mjane wa Njura, alikwenda ofisi ya tarafa mara mbili na kikapu cha nduma, ili waone kwa macho kwamba anakwenda kwa mgonjwa. Mara zote mbili alirudishwa, maana alikuwa mama wa mtu wa kambini. Hakulalamika. Alipoambiwa habari za Pasaka alisema vizuri, Teresia angebaki naye, na akaomba tu wampelekee Njue nduma mbili tatu. Muthoni akapanga: Jumapili, saa tisa mpaka saa kumi, hospitali. Saa moja kati ya siku nne. Aliipanga mwenyewe, kwa kinywa chake, na aliionea aibu, lakini hakuiongeza. Alitaka siku zake. Alikuwa amezingoja miaka minne, na hakuna mtu katika kijiji kile aliyekuwa na kitu chake mwenyewe, hata usingizi.

Kithaka akaandika barua. Alikaa nayo siku nzima, ulimi nje, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano gizani. Aliomba ruhusa ya siku nne kwenda Nairobi, "mimi na muthoni wangu". Mtu mwingine angeandika mke wangu. Lakini neno mke aliliona kavu, la serikali, na huyu hakuwa mke tu, alikuwa Muthoni wake. Basi akaandika alivyohisi, kwa herufi ndogo kama kawaida yake, akaipeleka.

Karani wa tarafa alikuwa Mbaabu, Mmeru wa upande wa Kangeta, kijana mwenye tai na mashine ya taipu, ambaye kazi yake ilikuwa kumgeuzia Bwana D.O. barua za watu kuwa Kiingereza. Sasa muthoni, kwa Kimeru na kwa Kiembu, ni mkwe. Mbaabu alisoma "muthoni wangu" akaelewa alichoelewa. Alishangaa kidogo, maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapiti hata njia moja. Wakikutana, mmoja anaingia kichakani. Lakini karani hakuajiriwa kushangaa. Alimwuliza hedimani Kathuri, mkuu wa kijiji, mkwe wa fundi anaitwa nani, akaambiwa Igoki wa Njura, akapiga taipu. Bwana D.O., aliyekuwa amevaa suruali iliyomkaa vizuri, akatia sahihi bila kusoma.

Jumatano ya wiki ya Pasaka Kithaka alikuja na pasi mkononi na uso wa mtu aliyemeza kifungo. Kwanza Muthoni alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kithaka na mama mkwe wake, chumba kimoja Kariokor. Kisha akaona mumewe hacheki, naye akanyamaza. Kithaka alisema si neno. Karani amekiri kosa. Pasi haijawekwa kidole gumba bado. Muthoni aende mwenyewe kesho asubuhi, jina la Igoki likatwe, lake liandikwe, aweke kidole, basi. Bwana D.O. angekuwepo mpaka saa kumi.

Alhamisi Muthoni aliomba ruhusa kwenye matuta akaenda. Mvua ilikuwa imeanza, na njia nzima udongo mwekundu ulimvuta miguu. Moyoni alikuwa tayari ndani ya basi. Mbaabu alimpokea kwa adabu, akamwomba radhi, akachukua rula na wino mwekundu akakata jina la mama yake mstari mmoja ulionyooka. Alifungua kibati cha wino wa vidole. Muthoni akabonyeza kidole gumba ndani, kikatoka cheusi.

"Lakini huyu Igoki ni nani hasa?" Mbaabu aliuliza, akimwekea karatasi vizuri. "Ni mama yako ya kuzaa?"

"Ni mama yangu."

"Si ndiye ule mzee wa kikapu ya nduma? Alikuja hapa mara mbili. Alijiandikisha mama ya Njue, sikujua ni mtu mmoja." Karani alitazama mlango wa Bwana D.O. akapunguza sauti. "Mama, mimi nakwambia ukweli. Hii sahihi imepita kwa bahati. Kwa jina lake peke yake haitapita tena."

 Muthoni alisimama na gumba hewani juu ya karatasi. Aliiona barabara ya taa. Aliuona mkono wa Kithaka ukimshika kiwiko wakivuka, vile alivyomwonyesha kwa chaki, maana magari hayangoji mtu. Alimchukia Mbaabu, akamchukia Njue kwa kuugua, akamchukia mama yake kwa kutosema lolote miezi yote ile, kwa kusema vizuri, kwa kuomba nduma mbili tatu tu. Laiti mama angelia hata mara moja, Muthoni angekuwa na kitu cha kumkatalia. Alihisi haya yote na hakujitetea.

"Irudishe jina lake," akasema.

Mbaabu akaandika upya juu ya mstari mwekundu, akaweka sahihi ndogo pembeni, akasema mama mwenyewe aletwe kabla ya saa kumi kuweka kidole. Muthoni alirudi njia ile ile na gumba lake jeusi amelikunja ndani ya ngumi.

Igoki alipoambiwa hakusema asante. Alikaa chini, akavua shanga zake, akazivaa tena. Kisha akauliza atavaa nini, kwa maana shuka lake la kazini halikuwa la kwenda nalo kwa mgonjwa. Gauni lilikuwepo. Kithaka alikuwa amemshonea Muthoni gauni la Nairobi, la samawati, kola nyeupe, mifuko miwili, limelala kwenye boksi dukani likingoja Ijumaa. Muthoni alimchukua mama yake wakaenda kwanza ofisini, kisha sokoni.

Hapo shida ikaingia ambayo hakuna chuo cha ushonaji kinachoifundisha. Fundi hawezi kumpima mama mkwe wake. Kumgusa ni mwiko, kumtazama ni aibu, na hata kumtajia viungo vya mwili wake kwa sauti ni utovu wa adabu usiosemeka. Basi Igoki akasimama ndani ya duka, mlango umeegeshwa. Kithaka akakaa barazani kwenye cherehani, mgongo kwa mlango, macho kwa mbuzi wa sokoni. Muthoni akasimama kizingitini na utepe.

"Ile ya kwanza," Kithaka aliwaambia mbuzi.

"Arobaini na mbili," Muthoni akajibu.

"Ile ya pili."

"Thelathini na nane."

Ile ya tatu Kithaka aliikohoa tu. Siku nyingine Muthoni angekufa kwa kicheko. Lakini kila namba aliyoisoma ilikuwa inaliondoa gauni mwilini mwake, na Kithaka alivijua vipimo vyake bila utepe, thelathini na sita na ishirini na nane, na alikuwa akifumua mishono aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe. Kitambaa cha samawati kilikuwa kimekwisha. Akakata vipande viwili vya kaki kutoka masalio ya suruali ya Bwana D.O., akavipachika ubavuni, kushoto na kulia. Mguu wake kwenye cherehani ulisimama mara kwa mara bila sababu.

Ijumaa asubuhi basi liliondoka, Kithaka mbele karibu na dereva, Igoki kiti cha nyuma kabisa, kikapu magotini. Muthoni alisimama na Teresia mgongoni mpaka moshi ukaisha. Siku nne zile zilikuwa zake, ndiyo. Alizimaliza kwa kupepeta maharagwe. Jumamosi saa kumi na mbili lango lilipofungwa aliketi mlangoni akajiambia sasa taa zimewaka.

Walirudi Jumatatu jioni, dakika chache kabla ya lango. Igoki alisema Njue alimjua. Alikuwa amekonda, lakini alikula nduma yote, akacheka alipoona kaki ubavuni mwa mama yake, akauliza kama amejiunga na homugadi. Siku tatu mfululizo muuguzi mmoja alimruhusu akae pembeni ya kitanda mpaka jioni. Muthoni alisikiliza, akafurahi, furaha ya kweli. Kisha akashindwa kujizuia, akauliza habari za taa.

"Taa gani?" Igoki akasema.

"Za barabarani, mama. Usiku."

Igoki alifikiri kwa uaminifu. "Sikuziangalia," akasema. "Nilikuwa naangalia koti la mume wako lisinipotee."

Ndivyo walivyotembea Nairobi, Kithaka hatua ishirini mbele, mama mkwe nyuma, asubuhi na jioni, Kariokor mpaka hospitali. Igoki alilala chumbani kwa Mutembei, Kithaka kwenye benchi la ukumbi wa kanisa. Mchana kutwa alingoja nje ya geti la hospitali, kwa maana mama asingeijua njia. Hoteli ya chai aliipita nje mara sita. Muthoni alipomwuliza kwa nini hakuingia hata mara moja, alisema hakuwa na kiu. Muthoni akatoka nje, akaenda nyuma ya ghala la kijiji, akalia kwa sauti yake yote nzito, na majirani wakamwambia pole bila kujua ya nini.

Juni hedimani Kathuri aliitwa ofisini akarudi na habari kwamba Njue amefariki. Alizikwa huko huko. Igoki alilia kama mama yeyote, lakini watu waliona kwamba alikuwa na mahali pa kuanzia: alijua kitanda kilikuwa karibu na dirisha, alijua mtoto wake alikula nini. Gauni alilirudisha limefuliwa. Kithaka akasema atavitoa vile vipande vya kaki, alirudishe lilivyokuwa. Muthoni akakataa. Alilitundika kwenye msumari, na Nairobi haikutajwa tena mle ndani, ingawa mara nyingine Kithaka akiwa na jora kubwa mbele yake mkono ulimponyoka ukachora mstari mmoja, kisha akaupangusa.

Januari ya mwaka wa sitini redio ya sokoni ilitangaza kwamba imajensi imekwisha. Handaki lilikuwa limeshafukiwa, nao walikuwa wamerudi shambani kwao, na watoto walikuwa watatu. Wiki chache kabla ya Pasaka, Muthoni alikuwa jikoni akisugua sufuria wakati Kithaka alipoingia, akaweka karatasi juu ya mawe ya jiko, akatoka haraka kama mwenye deni. Muthoni akafuta mikono. Hakuwa msomaji mwepesi, lakini mstari wa kwanza ulisomeka hata kutoka mlangoni, kwa sababu ulikuwa na M kubwa kama kigoda, iliyofutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi ikatoboka.

"kwa Muthoni," barua ilisema. "naomba ruhusa ya siku nne, ijumaa mpaka jumatatu, kwenda nairobi, mimi na mke wangu. ni mimi kithaka."

Muthoni aliisoma mara mbili. Akalishusha gauni kutoka msumarini akalivaa juu ya nguo ya jikoni, na likamkaa, pamoja na kaki zake, kifua na kiuno na ile ya tatu, halikuhitaji kupunguzwa popote. Alisimama hivyo kitambo, akimkumbuka Njue, akihesabu miaka minane ya kungoja barabara moja. Kithaka alikuwa nje, anajifanya anakagua kuku. Muthoni akakiinamia kitako cha sufuria, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kidole kikawa cheusi kwa masizi, kisha akakibonyeza chini ya barua.